Nani Anaijibia Shule Yetu?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wenyeviti wa kamati za shule, walimu wakuu na madiwani. Naiweka yote hapa kwa ajili ya walioshindwa kufika, hasa wenyeviti wa kata za mbali ambao mvua za vuli zimewakatia barabara.

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano, waheshimiwa madiwani, maafisa elimu kata, walimu wakuu, wenyeviti wa kamati, ndugu wazazi: wakubwa zangu shikamooni, na wadogo zangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie namna shule zetu za Serikali zinavyoendeshwa, na nini kibadilike. Naanza na swali. Mtoto wa darasa la tatu shuleni kwako hawezi kusoma sentensi moja ya Kiswahili. Nani anaulizwa?

Nasubiri jibu.

Naona wengi mnamtazama mwalimu mkuu. Haya, tumuulize. Atakwambia walimu hawatoshi. Je, walimu anawagawa yeye? Ajira zinapangwa juu, halmashauri inapokea. Nidhamu ya mwalimu iko Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mtaala na vitabu viko Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtihani uko NECTA, Baraza la Mitihani. Fedha na majengo vinapitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na halmashauri. Ubora unaangaliwa na wathibiti ubora, ambao mkubwa wao ni Wizara ya Elimu, siyo halmashauri. Na pale kijijini ipo kamati ya shule, inayotambuliwa na Sheria ya Elimu ya 1978. Ina mwenyekiti, ina katibu ambaye ndiye huyo huyo mwalimu mkuu, ina daftari la mihutasari.

Sasa nawarudishia swali. Nani anaulizwa?

Mmenyamaza, na mna haki ya kunyamaza. Shule imegawanywa, kila ofisi imeshika chake, na mtoto hakuangukia mikononi mwa yeyote. Walio karibu naye wana lawama bila madaraka. Wenye madaraka wako mbali, lawama haiwafikii. Hilo ndilo nililokuja kulisema, na nitalisema kwa njia kadhaa mpaka lieleweke, kwa sababu naamini ndipo tatizo lilipo. Tukilirekebisha, mengine mengi yatawezekana.

Ndugu zangu, mambo hayakuwa hivi siku zote. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa. Miaka miwili baadaye Azimio la Musoma likaagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo 1977. Wazee mliopo hapa mnakumbuka. Mlifyatua matofali, mlisomba mchanga na maji, mlijenga madarasa. Lakini angalieni mpangilio wa miaka: wananchi waliitwa kujenga wakati chombo chao cha kuamua kilikuwa kimeshaondolewa. Sheria za serikali za mitaa zikarudi 1982, halmashauri zikaanza kazi tena 1984, na tangu hapo shule imekuwa ikivutwa huku na huku kati ya juu na chini.

Kisha ukaja MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002. Ada ilikuwa imeshafutwa, na watoto waliingia kwa wingi ambao hatukuwahi kuuona: kutoka takribani milioni 4.4 shule za msingi mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Madarasa yalifurika, walimu tulizidiwa, hayo yote ni kweli. Lakini MMEM ulifanya jambo moja ambalo mpaka leo nalisifu. Ulipeleka fedha kwenye akaunti ya shule, ukaipa kamati kazi ya kupanga, kununua na kusimamia, na ukataka mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Shuleni nilikokuwa nafundisha, niliona wazee wakimsimamisha mwanafunzi awasomee mabati yalinunuliwa kwa bei gani. Wakitoka hapo wanakwenda dukani kuuliza bei ya bati. Hakuna aliyewafundisha semina ya uwajibikaji. Walikuwa na taarifa mkononi, na walijua zile fedha ni za shule yao.

Leo ule ubao uko wapi? Wenyeviti, nyoosheni mikono: ni shule ngapi hapa ambazo mapato na matumizi ya mwezi uliopita yamebandikwa mahali mzazi anaweza kuyasoma?

Naona mikono michache. Ahsanteni kwa ukweli.

Nije kwenye fedha sasa. Mwaka 2016 Serikali ilianza kupeleka ruzuku ya elimu bila ada moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na nasimama hapa kusema lilikuwa jambo jema sana. Kiwango kwa mtoto wa shule ya msingi kiliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 zinakwenda shuleni na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu nami. Shule ya watoto 600 inapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12: shilingi 300,000. Ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Na hiyo 10,000 ndiyo ile ile ya MMEM. Mwaka 2002 ilikuwa karibu sawa na dola 10. Mwaka 2016 haikufika hata dola 5.

Kwa hiyo fedha ni ndogo. Kila mtu analijua hilo na kila mkutano linasemwa. Lisilosemwa ni kwamba hata hiyo ndogo, shule hairuhusiwi kuitumia kwa akili yake.

Nilipokuwa mratibu wa elimu katika kata, ilikuwepo shule ambayo jina lake naliacha. Choo cha wasichana kilianza kutitia upande mmoja. Kamati ikakaa, ikaamua vizuri: ruzuku ya miezi miwili iende kwenye matundu mapya ya choo, wananchi wachimbe shimo na kuleta mawe, fundi alipwe kutoka kwenye akaunti. Hesabu ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya daftari, mifuko ya saruji, nondo, siku za fundi, hakuna kilichosahaulika. Tatizo likawa moja. Mwongozo unagawa ruzuku kwa mafungu: hili la vifaa, hili la ukarabati, hili la mitihani, hili la michezo, hili la utawala. Fungu la ukarabati peke yake halikutosha, na kuhamisha kutoka fungu jingine kulihitaji kibali.

Mwalimu mkuu akaandika barua. Niliishika barua ile mkononi. Juu iliandikwa jina la ofisi ya mwisho inayotakiwa kuamua, na chini yake "Kupitia kwa", na chini yake tena "Kupitia kwa", na tena. Kila "Kupitia kwa" ilikuwa na muhuri, na kila muhuri una tarehe yake. Ukizisoma tarehe zile kwa mpangilio unaona barua ilivyolala kwenye kila meza. Muhuri wa kwanza uligongwa kiangazi, wa mwisho mvua zikiwa zimeshaanza. Kibali kilipotoka, choo kilikuwa kimeanguka. Namshukuru Mungu kilianguka usiku. Baada ya hapo wasichana wa darasa la sita na la saba walianza kukosa masomo, na mnafahamu siku zipi walikosa.

Sasa nauliza. Katika habari hii, nani alifanya kosa? Kamati iliamua sawa. Mwalimu mkuu aliandika barua sawa. Kila ofisi iligonga muhuri wake sawa. Kila mtu alifuata utaratibu, na choo kikaanguka. Utaratibu ukishafikia hapo, huwezi kuurekebisha kwa kuwahimiza watu wawe na bidii. Unabadilisha nani anaamua.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: ongezeni fedha tu, mambo yatakwenda. Naomba nimweleze jambo lililofanyika hapa hapa nchini, mwaka 2013 na 2014, linaitwa KiuFunza. Shirika la Twaweza na watafiti walichukua shule za msingi 350 katika wilaya 10. Kundi moja la shule likapelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Kundi la pili halikupewa ruzuku. Walimu wa madarasa ya kwanza hadi la tatu wakaahidiwa malipo kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu. Kundi la tatu likapata vyote viwili. La nne halikupata kitu, likawa la kulinganishia.

Mnajua kilichotokea? Shule zilizopata ruzuku peke yake, baada ya miaka miwili, watoto wake hawakuwa wamejifunza zaidi ya wale ambao shule zao hazikupata kitu. Fedha zilifika, na matokeo hayakusogea. Kwenye malipo ya walimu peke yake, faida ilikuwa ndogo na haikuwa na uhakika. Pale vilipokwenda pamoja, vifaa na mtu anayejua kwamba ataulizwa kuhusu mtoto huyu na yule, hapo ndipo watoto walijifunza zaidi kwa wazi.

Sisemi walimu wote walipwe kwa matokeo. Hilo lina mjadala wake na vyama vya walimu vina hoja zao nzito. Ninachosema ni hiki: uwezo bila kuulizwa haukufua dafu, na kuulizwa bila uwezo hakukufika mbali. Mfumo wetu umewapa wengine uwezo na wengine kuulizwa. Kamati inaulizwa kuhusu choo, uwezo uko kwenye ofisi ya mwisho ya barua ile.

Jambo la pili nitalipita haraka kwa sababu mnalijua kuliko mimi. Mwalimu mkuu. Anateuliwa halmashauri, anahamishwa halmashauri, na kamati inapata habari siku gari la mizigo linapokuja kumchukua. Ipo shule iliyobadilishiwa mwalimu mkuu mara kwa mara ndani ya muda mfupi. Kila anapoondoka mmoja, mtia saini wa akaunti amebadilika, kwa hiyo fedha zinakaa benki mpaka fomu mpya zikamilike. Makabidhiano yanafanyika kati ya anayetoka na anayeingia, kamati haipo. Mpango wa shule ulioandikwa na wa kwanza, wa pili hakuuona, wa tatu hakujua kama upo. Mwenyekiti wa kamati ile aliniambia, "Mwalimu, sisi ndio tunaobaki hapa kila siku, na sisi ndio hatuulizwi." Alisema kweli. Mwenyekiti, mtoto wako anasoma pale miaka saba, na kiongozi wa shule hana uhakika wa kukaa hata mwaka. Nani kati yenu mwenye kumbukumbu ya shule?

La tatu ni uthibiti ubora, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo.

Wathibiti ubora wetu wanafanya kazi ngumu. Wanafika shuleni, wanaingia madarasani, wanakaa nyuma ya darasa wanamsikiliza mwalimu akifundisha, wanapekua maandalio ya somo na madaftari ya watoto, wanahesabu madawati na matundu ya choo. Wanaandika ripoti. Nimezisoma ripoti nyingi na nyingi ni nzuri, zinasema ukweli bila kumung'unya maneno. Halafu inakuwaje? Mthibiti anawajibika Wizara ya Elimu. Anayeweza kuhamisha mwalimu, kutengeneza darasa, kumwondoa mwalimu mkuu asiyefaa, ni mkurugenzi wa halmashauri, ambaye anawajibika TAMISEMI. Mthibiti anashauri. Halmashauri inapokea ushauri. Hakuna kinachoilazimisha kujibu kwa tarehe fulani kwamba hili tumelifanya, hili hatukulifanya kwa sababu hizi.

Mwaka hadi mwaka ripoti ya shule ile ile inaandika upungufu ule ule. Nimeona ripoti mbili za shule moja, zilizopishana kwa miaka kadhaa, aya nzima inafanana: darasa la kwanza na la pili wanakaa chumba kimoja, watoto wanakaa chini, mwalimu ni mmoja. Watoto walioandikwa kwenye ripoti ya kwanza walikuwa wameshafika darasa la tano wakati wa ripoti ya pili. Na mzazi wao hakuwahi kuisoma hata moja. Kwa nini? Haikuandikwa kwa ajili yake.

Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012? Watahiniwa 240,903 walipata daraja sifuri, zaidi ya nusu ya wote. Nchi ilisimama. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, akaunda tume, na Mei 2013 matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Tulibishana miezi kadhaa kuhusu viwango vya kupanga madaraja. Lakini mtoto yule wa sifuri alikuwa amekaa darasani miaka minne. Sekondari zilikuwa zimehamishiwa halmashauri mwaka 2009, wakati yeye ndiyo anaingia kidato cha kwanza. Ukaguzi, ambao leo tunauita uthibiti ubora, ukabaki Wizarani. Ndani ya miaka hiyo minne, ni ofisi gani ilikuwa na wajibu wa kusema, mapema, kwamba hapa kuna watoto wanaozama, na kisha ifanye kitu? Msiba ule ulionekana siku ya matokeo kwa sababu siku ya matokeo ndiyo pekee ambayo mfumo wetu unamtazama mtoto.

Sasa nijibu hoja ambayo najua inakuja, maana nimeisikia kwenye kila kikao nilichohudhuria. "Kamati hazina uwezo. Wajumbe hawakusoma. Ukiwapa fedha watazila."

Zipo kamati zilizokula. Sitakataa, na wengine hapa mnazijua kwa majina. Zipo kamati ambazo mwenyekiti ni ndugu wa mtendaji, anatia saini asichokisoma. Lakini turudi mwaka 2021. Serikali ilipopata fedha za UVIKO-19, ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima ndani ya miezi michache, shilingi milioni 20 kwa kila darasa, watoto wakaingia Januari 2022. Nani alijenga? Fedha zilishushwa hadi shuleni, kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kutafuta mafundi. Zikaundwa kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi, na humo wamo wananchi hawa hawa tunaosema hawana uwezo.

Nilitembelea ujenzi mmoja. Lori lilileta nondo. Mama mmoja wa kamati ya mapokezi, muuza mboga, hakutia saini hati ya mapokezi. Alikuwa amekata kipande cha nondo ya milimita 12 kwa fundi, amekihifadhi kwenye kanga. Akakitoa, akakilinganisha na kila fungu lililoshushwa. Mafungu mengine yalikuwa milimita 10. Dereva akapiga simu, muuzaji akapiga simu, mtu mwingine mwenye cheo akapiga simu. Mama akasema, "Mimi nimeambiwa nipokee kumi na mbili." Lori lilirudi na nondo zake.

Yule mama alisoma hadi darasa la nne. Alipewa kazi inayoeleweka, kipimo kinachoeleweka na saini ambayo bila hiyo mzigo haupokelewi. Semeni nami: angefanya vile kama saini yake ingekuwa ya mapambo?

Basi haya ndiyo ninayoyaomba, na nayaomba kwenu kwa sababu baadhi yake hayahitaji kusubiri Bunge.

Mafungu ya ruzuku yalegezwe. Kamati ikishakaa, ikaandika muhtasari na kubandika uamuzi kwenye ubao, iruhusiwe kuhamisha fedha kutoka fungu hadi fungu bila kupanda ngazi zote zile. Mkaguzi aje baadaye, akague kwa ukali wote anaoutaka. Hili linahitaji TAMISEMI ibadilishe mwongozo, na waheshimiwa madiwani mnaweza kulipitisha kama azimio la Baraza la Madiwani na kulipeleka.

Makabidhiano ya mwalimu mkuu yafanyike mbele ya kamati, na mwenyekiti atie saini. Hili halihitaji sheria mpya. Mkurugenzi anaweza kuliagiza kwa barua moja. Na kabla ya uhamisho, kamati iulizwe maoni yake kwa maandishi. Sisemi kamati iajiri na kufukuza. Mwalimu anahitaji kulindwa dhidi ya fitina za kijiji, na ndiyo maana Tume ya Utumishi wa Walimu ipo. Nasema iulizwe.

Ripoti ya uthibiti ubora isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mtaa, kwa Kiswahili cha kawaida, na halmashauri ijibu kwa maandishi ndani ya siku 60, kipengele kwa kipengele. Asiyejibu aitwe mbele ya kamati ya Baraza la Madiwani inayoshughulikia elimu. Waheshimiwa, hilo liko ndani ya uwezo wenu leo hii. Sera ya elimu imehuishwa, mtaala mpya umeanza mwaka 2024, elimu ya lazima inakwenda kuwa ya miaka kumi. Shule hizi zitabebeshwa mengi zaidi. Zitabeba kwa mfumo gani wa kuulizana?

La mwisho ni la wenyeviti. Halmashauri zinaingia kwenye maandalizi ya bajeti. Mpango wa shule yako usipoandikwa sasa, utaandikiwa na mtu asiyejua choo chako kimeegemea upande gani. Karatasi ya mahudhurio inayozunguka ina safu ya mwisho tupu. Nimeomba iachwe tupu makusudi. Kila mwenyekiti aandike pale tarehe ambayo kamati yake itakaa kuandika mpango, na diwani wa kata yake atie saini pembeni kwamba atahudhuria. Walimu wakuu, mkirudi, andaeni taarifa ya mapato na matumizi ya robo hii, ibandikwe kabla ya kikao hicho. Karatasi ianzie meza ya mbele, kwa waheshimiwa. Ahsanteni kwa kunisikiliza, na sasa niko tayari kwa maswali.